Stendi ya kasuku: jinsi ya kuichagua au kuitengeneza bila kutupa pesa

Juzi nilikuwa kwa shemeji yangu, ameagiza mtandaoni stendi ya kasuku wake wa kijivu, ule mti wa kukalia akiwa nje ya tundu lake, picha ilikuwa safi kweli, ngazi, bembea, shanga za rangi. Tukaifunga. Ikawa inayumba mtu akipita tu karibu, vijiti vyote ni duara moja kama vilitoka kiwanda cha penseli, na kasuku mwenyewe akakataa kata kata kuisogelea. Sasa manake maswali yanayonijia ni yale yale kila siku, wacha niyaandike yote hapa.

Watu huanza na vitu vya kuchezea, halafu bei, halafu rangi ikae vizuri na viti vya sebuleni. Geuza hiyo orodha. Kinachobeba ndege ni kijiti na kitako, hayo mengine unaweza kuyaongeza hata mwakani.

Naongea zaidi kuhusu kasuku wa kijivu, yule wa mkia mwekundu, wa gramu 400 hadi 500, kwa sababu ndiye tulio naye wengi. Na kabla hujaenda mbali: kibali. Huyu ndege yuko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017, na hapa Kenya humfugi bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori. 2023 walitoa miezi 3 ya msamaha watu wajisajili, kama ulilala wakati huo nenda ofisini kwao uulize, usiniulize mimi. Tuendelee.

Hatua ya 1: Mahali

Amua itakaa wapi kabla ya kununua chochote. Sebuleni, mahali watu wanaketi, iwe na ukuta angalau upande mmoja ili asijihisi amezungukwa. Akikunjua mabawa ni kama nusu mita, sasa upime hiyo nafasi na mkono wako, usikisie. Isiwe chini ya feni ya dari. Na jikoni hapana, hapo sina mjadala, kikaango cha teflon kikipata moto kupita kiasi kinatoa hewa inayoua ndege kwa dakika chache na wewe hata hujasikia harufu, na jiko la makaa nalo lina hewa yake ya sumu.

Hatua ya 2: Urefu

Kiunoni kwako inatosha kwa kijivu mchanga au aliyekatwa mabawa. Hawa ndege si wepesi kama wanavyoonekana, wanaanguka, na akianguka kutoka juu kwenye taili anatua na kidari, ngozi inapasuka pale kwenye mfupa na kidonda hicho ni shida kupona. Mzima anayeruka vizuri mpe mpaka usawa wa kifua. Ile hadithi kwamba akikaa juu yako atajiona mkubwa wa nyumba, achana nayo.

Hatua ya 3: Unene wa vijiti

Kasuku ana vidole viwili mbele na viwili nyuma. Mwambie apande kijiti, halafu uiname umtazame kutoka chini: vidole vinatakiwa vizunguke kama theluthi mbili hadi robo tatu ya mti. Kucha za mbele zikikutana na za nyuma, mti ni mwembamba. Mguu ukiwa umelala bapa juu kama amesimama sakafuni, ni mnene. Kwa kijivu unatafuta kati ya sentimita 2.5 na 4, lakini, na hapa ndipo stendi nyingi za dukani zinaanguka, usitafute kipimo kimoja. Mti wenye vifundo, unaonenepa na kupungua, unabadilisha mahali mguu unabebea uzito. Akikaa mwaka mzima kwenye duara moja nyororo, nyayo zinalika sehemu moja, zinakuwa nyekundu na kung'aa, halafu vidonda. Geuza mguu uuangalie leo leo, ukikuta magamba ya chini yameisha na ngozi inang'aa, hiyo ndiyo dalili ya kwanza.

Vile vijiti vya msasa vya kusugua kucha usinunue. Kimoja cha saruji sawa, ila kiwe pembeni anapopita, kamwe kisiwe kile cha juu kabisa anacholalia.

Hatua ya 4: Mti wenyewe

Mimi ni mtu wa mbuni, yaani mti wa kahawa, na sijifichi. Zile stendi za bei kali unazoziona nje zinaitwa za Java ni miti ya kahawa hiyo hiyo, na sisi tuko na kahawa Kiambu, Nyeri, Kisii, wenzetu wako nayo Moshi na Bukoba. Mkulima akikata mibuni mikuu ili ichipue upya anabaki na vigogo ambavyo vinaishia kuwa kuni. Ongea naye. Mti wake ni mgumu, una matawi yanayopanda kwa pembe nzuri, na kasuku anamaliza muda kweli kabla ya kuutafuna.

Kitu kimoja cha kuangalia na mbuni ni dawa. Kahawa inapigwa dawa za shaba na za wadudu, na hizo zimekaa kwenye gome. Kwa hiyo menya gome lote, usiache hata kwenye mapanda, sugua na brashi na maji ya sabuni, suuza sana, anika juani mpaka ukauke kabisa. Mpera wa nyumbani ambao haujawahi kupigwa dawa unaweza kuuacha na gome lake, atafurahi kulichuna mwenyewe. Mkaratusi pia ni sawa.

Mparachichi usiguse. Majani, gome, tunda, vyote ni sumu kwa ndege. Mbao zilizotiwa dawa, zile zinazoelekea ukijani kama nguzo za uzio, hapana. Mbao za paleti angalia muhuri: HT ilipashwa joto, unaweza kufikiria, MB ilifukizwa kwa dawa, rudisha ulikoitoa. Na usipake vanishi. Najua itapendeza. Usipake.

Hatua ya 5: Kitako

Sasa hapa chukua chai, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza wikendi nzima, na hata mafundi wa fanicha wazuri wanakosea, manake wamezoea meza ya miguu minne na hii ina mguu mmoja na mzigo unaorukaruka.

Kwanza jaribio, liwe la stendi ya kununua au ya kutengeneza. Chukua pakiti ya unga ya kilo 2, itie kwenye mfuko wa kubeba, itundike kwenye ncha ya tawi lililo mbali zaidi na shina. Kasuku hana kilo 2, lakini akitua kwa kuruka au akining'inia na mdomo akipiga mabawa, anaivuta stendi kuliko uzito wake. Kitako kikiinuka hata kidogo, usiichukue. Ukiwa dukani waambie tu unajaribu, watakuangalia vibaya, sawa tu.

Kama unatengeneza una njia mbili.

Njia ya kwanza ni plaiwudi, milimita 18 usishuke hapo, upana usipungue nusu ya urefu wa stendi. Stendi ya mita 1.2, kitako cha sentimita 60 kwa 60. Shina unalikata chini liwe sawa kabisa, na hili ndilo linaloleta kilio, kwa sababu shina la mti halina upande ulionyooka wa kupimia, utakata, utasimamisha, litaegemea, utakata tena, mwishowe stendi ya mita inakuwa ya kukalia paka. Usikate kwa macho. Lisimamishe vile unavyotaka likae, mtu alishike, kisha weka penseli juu ya kipande cha mbao bapa sakafuni na uizungushe kulizunguka shina, penseli ikiwa imelala kwenye kile kipande wakati wote. Mstari utakaoupata uko sambamba na sakafu hata kama shina limepinda. Kata hapo, mara moja, na msumeno mkali.

Halafu skrubu. Skrubu inayoingia kwenye kichwa cha mti, yaani kufuata nyuzi, haishiki kama inayoingia kwa ubavu, na skrubu moja ya katikati inaruhusu shina lizunguke, kila siku linalegea. Tumia tatu kwa uchache, ndefu, sentimita 10, kutoka chini ya plaiwudi, na washa pana, vile visahani vya chuma vyenye tundu. Toboa kwanza na drili, kwa skrubu yenye unene wa milimita 10 toboa kama milimita 7, kwa sababu mbuni mkavu unapasuka na mlio utakaousikia ni wa pesa yako. Na uwe mkavu kweli. Ukifunga mti mbichi leo utashika vizuri sana, mwezi ujao umesinyaa na unatikisika na utalaumu skrubu.

Skrubu zilizo chini ambako mdomo haufiki haidhuru ni za aina gani. Zinazoonekana juu ziwe stenlesi tupu. Mabati yana zinki, na kasuku akilamba na kutafuna kidogo kidogo kila siku inamtia sumu. Nenda dukani na sumaku: ikinasa kwa nguvu, hiyo si stenlesi ya daraja la 304 unayoitaka hata muuza akiapa.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda, ndoo ya zege. Ndoo ya rangi ya lita 20, ioshe, shina ndani liingie angalau sentimita 15, zege la lita 10. Hiyo peke yake ni kama kilo 24 na ziko chini kabisa, hapo jaribio la unga ni mchezo. Lakini kuna mambo. Mti unakunywa maji ya zege unavimba, baadaye unakauka unarudi, na pale katikati panabaki nafasi, shina linaanza kucheza ndani ya shimo lake. Dawa yake ni kupitisha skrubu ndefu mbili tatu kwa mkingamo kwenye ile sehemu itakayozama, vichwa na ncha zitokeze pande zote, zege likizishika hata mti ukisinyaa hautoki. Pili, shina halisimami lenyewe kwenye zege bichi, lifunge na kamba tatu kwenye vitu visivyosogea, uning'inize timazi, yaani uzi wenye kizito, uangalie pande mbili, si upande mmoja, halafu urudi kuangalia baada ya nusu saa kwa sababu litakuwa limelala kidogo, daima linalala. Tatu, usiliguse kwa siku 7, na usimweke ndege karibu na zege bichi. Juu funika na kokoto kubwa zilizooshwa, kubwa kuliko mdomo wake, au kata trei ya plaiwudi yenye tundu katikati ikae juu ya ndoo, kwa hali yoyote asifikie saruji kuitafuna.

Kilo 24 hazibebeki kila siku, hivyo weka ndoo kwenye kile kigari cha magurudumu cha mtungi wa gesi. Magurudumu yote yawe na breki, la sivyo ndege akitua stendi inasafiri, na akishaona inasafiri mara moja harudi tena.

Hatua ya 6: Trei na vibakuli

Anajisaidia kila dakika 15 hadi 20 hivi, kwa hiyo matawi yasipite ukingo wa trei. Gazeti juu, badilisha kila siku. Vibakuli vya stenlesi, visikae chini ya kijiti chochote.

Hatua ya 7: Vitu vya kuchezea

Maboksi ya katoni, maganda ya mahindi, vipande vya mpera. Hivyo tu. Kamba ya katani ni nzuri ila chagua isiyotiwa mafuta, ile ya kufungia majani ya ng'ombe huwa imetiwa, utaisikia harufu. Ikianza kutoa nyuzi kata mara moja, vidole vinanaswa, na nyuzi anazomeza zinajazana kooni kwenye gole, ule mfuko wa chakula.

Hatua ya 8: Kumzoesha

Kijivu anaogopa kitu kipya, na stendi ni kitu kipya chenye matawi. Usimchukue tu ukambwaga juu. Iweke upande wa pili wa sebule, mbali na tundu, siku kadhaa. Wewe mwenyewe kaa karibu nayo, ishike, kula karanga zako hapo, akuone. Isogeze kidogo. Akibana manyoya mwilini, akanyoosha shingo, au akanguruma ule mngurumo wao wa ajabu, umekimbia sana, irudishe nyuma ilipokuwa. Kwa wengine ni siku, kwa wengine ni wiki, wa shemeji bado anaiangalia kwa jicho moja.

Akipanda mwenyewe mpe kitu ambacho haoni kwenye tundu lake, kipande cha korosho isiyo na chumvi kwa mfano, halafu mtoe kabla hajachoka. Dakika 5 za kwanza zinatosha. Usimuache juu yake peke yake ukienda dukani, hata kama ametulia, manake atashuka na kitu cha kwanza kukijaribu kitakuwa waya wa TV.