Mwenye nyumba wa Dar es Salaam na umeme wa wapangaji

Katika England na Wales, tangu Aprili 2020, nyumba ya makazi ambayo cheti chake cha matumizi ya nishati kiko chini ya daraja E (madaraja huanzia A lililo bora hadi G) haipaswi kupangishwa, isipokuwa mwenye nyumba awe amesajili sababu ya kusamehewa. Mpangishaji wa Tabata au Mbagala hadaiwi cheti cha namna hiyo. Hata hivyo, umeme ndio unaozua ugomvi mwingi kati yake na wapangaji, na sehemu kubwa ya ugomvi huo huanzia kwenye mita moja inayochangiwa na kaya kadhaa.

Ubaya wa mita ya kuchangia si kutoelewana peke yake, kwani hata wapangaji waliopatana kama ndugu huumizwa na bei. Kwa mujibu wa bei zilizoanza kutumika Aprili 2016, mteja wa daraja la D1, ambaye wastani wa matumizi yake hauzidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na mteja wa daraja la T1, yaani wa matumizi ya kawaida yanayozidi hapo, hulipa shilingi 292. Ukijumlisha VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA (wakala wa nishati vijijini) na asilimia 1 ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji), bei hizo huwa takriban shilingi 122 na 356. Chukua nyumba ya kaya nne, kila kaya ikitumia uniti 60. Kwa mita moja, uniti 240 huwaondoa wote kwenye D1, nao hulipa kama shilingi 85,500 kwa mwezi. Kila kaya ikiwa na mita yake, wote kwa pamoja wangelipa shilingi 29,280. Tofauti inazidi shilingi 56,000 kila mwezi, na hakuna anayefaidika nayo ndani ya nyumba hiyo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuomba mita za ziada kwa shirika la umeme, TANESCO, ambako maombi hupokelewa pia kwa mtandao kupitia mfumo wake wa NIKONEKT. Tangu Januari 2022 mteja wa mjini aliye ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, kwa umeme wa njia moja, hulipia shilingi 320,960 kuunganishwa. Kiasi utakachodaiwa wewe kitategemea upimaji wa eneo lako. Kabla ya kuomba, mpe kazi ya kutenganisha nyaya fundi mwenye leseni ya EWURA, na umtake akague waya wa ardhi, maana katika nyumba za zamani waya huo mara nyingi haupo au umekatika. Mita ndogo za kufunga mwenyewe baada ya LUKU, yaani mita ya TANESCO ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, husaidia kugawana bili kwa haki, lakini hazirudishi bei ya D1, kwa sababu TANESCO inaiona mita yake kuu tu. Tangazo lenye maneno “LUKU inajitegemea” huvuta mpangaji kuliko rangi mpya, hata kama dalali atakushauri uanze na rangi.

Pampu ya kisima, taa za nje na taa ya ngazi ziwe kwenye mita ya mwenye nyumba, na gharama yake ihesabiwe ndani ya kodi ya pango.

Likifuata suala la joto, anza na paa. Bati lisilo na dari huchemsha chumba hadi usiku, na mpangaji hana njia nyingine ila feni au kiyoyozi. Feni ya wati 70 ikizunguka saa kumi hutumia uniti 0.7; kiyoyozi cha BTU 12,000 kisicho cha inveta (kisichojipunguzia kasi chenyewe) hukaribia uniti moja kwa kila saa kinapofanya kazi mfululizo, kwa hiyo saa tatu za kila usiku zinatosha kuzimaliza uniti 75 za mwezi. Dari, matundu ya hewa juu ya ukuta na rangi nyeupe juu ya bati hugharimu mara moja. Katika ujenzi mpya, epuka kuelekeza madirisha makubwa magharibi, na uyapange yapokee upepo wa kaskazi na wa kusi kwa pande zinazotazamana. Madirisha ya alumini ya kusukuma yanapendeza, lakini hufunguka nusu tu, na kwa mji wenye unyevu kama huu sioni sababu ya kuyapenda kiasi hicho. Ukipangisha nyumba yenye samani, usiweke jokofu la mtumba ambalo mpira wa mlango wake umechoka.

Kodi ya jengo nayo hukatwa kupitia LUKU tangu Agosti 2021, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na shilingi 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mdaiwa ni mwenye jengo, ingawa anayenunua umeme ni mpangaji, hivyo ni haki makato hayo yapunguzwe kwenye pango. Ukishaongeza mita, fuatilia kwa wanaosimamia kodi hiyo ili jengo lisikatwe zaidi ya mara moja.

Yote haya yaandikwe kwenye mkataba, ambao hulipiwa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya pango la mwaka: namba ya mita ya kila mpangaji, uniti zilizopo siku ya kukabidhiana, anayerejesha makato ya kodi ya jengo, na anayeitwa waya ukiungua. Mpangaji akichelewesha pango, usimzimie umeme. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa haki ya kukaa kwa utulivu, na deni hudaiwa kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.