Somo: Ripoti ya hewa kutoka melini, uiamini vipi?

Ripoti nyingi za meli huandikwa saa 00, 06, 12 na 18 UTC (saa ya kimataifa); kwetu Afrika Mashariki ni saa tatu na saa tisa, usiku na mchana. Kabla ya kuichora ramanini, ipitishe hapa.

1. Meli iko wapi? Anza hapa, upepo baadaye. Kwenye msimbo wa ripoti, robo ya dunia ilipo meli huandikwa kwa tarakimu moja: 3 ni kusini-mashariki, 1 ni kaskazini-mashariki. Baharia akikosea hiyo moja tu, meli iliyo mashariki ya Unguja, nyuzi 6 kusini, inajikuta nyuzi 6 kaskazini, yaani nchi kavu Ethiopia! Linganisha pia na ripoti iliyotangulia: maili 300 za baharini kwa saa 6 ni noti 50. Meli ya mizigo haikimbii hivyo.

2. Upepo. Hapa ndipo wengi huumia. Meli inakwenda kaskazini noti 15, kusi linaisukuma kwa nyuma noti 15: kipimaupepo cha melini kinasoma karibu sifuri, na bendera imelala. Ikirudi kusini, kinasoma 30. Upepo ni uleule. Ripoti iwe na upepo halisi, mwendo wa meli umeshaondolewa.

3. Mgandamizo wa hewa. Kila mita 8 kwenda juu hupunguza takriban hektopaskali 1. Barometa iliyo mita 24 juu ya maji isiposahihishwa, inasoma pungufu kwa 3. Na huku kwetu mgandamizo hupanda mpaka saa nne na kushuka mpaka saa kumi, usiku na mchana. Meli isiyoonyesha hilo kabisa, ishuku barometa yake.

4. Joto la maji. Uliza tu: limepimwa kwa ndoo au kwenye bomba la injini? La bomba mara nyingi huzidi kidogo.

MASWALI

*Mkuu, meli haina kipimaupepo, wanakisia kwa mawimbi. Si ubabaishaji?*
Hata kidogo. Kipimo cha Beaufort, ngazi za nguvu ya upepo, kilijengwa kwa macho ya mabaharia, na jicho zoefu mimi naliamini kuliko chombo kilichofungwa nyuma ya mlingoti. Tatizo ni usiku wa giza, povu halionekani.

*Ripoti ya Januari, nje ya Mombasa: upepo nyuzi 200 (unatoka karibu kusini), noti 20. Niifute?*
Usifute, itie alama. Januari ni kaskazi. Tazama meli za jirani. Zikisema nyuzi 20 (karibu kaskazini), basi mwenzetu kaandika upepo unakokwenda badala ya unakotoka.

*Na joto la maji likipimwa kwa ndoo ya turubai?*
Maji hupoa njiani kwa uvukizi kabla ya kupimwa. Ripoti za zamani zisome ukilijua hilo.