SOMO: Kubana palsi fupi za leza kwa prizimu mbili (soma lote kabla hujauliza)

Wakuu, naandika mara moja niwe naelekeza watu hapa, maana maswali ni yaleyale kila siku. Ni kwa leza ya taitania-safaya, 800 nm, palsi (mmweko mfupi wa mwanga) ya 100 fs (femtosekunde, sehemu ya milioni ya bilioni ya sekunde) inayoingia kwenye hadubini ya fotoni mbili (sampuli inang'aa inapomeza fotoni mbili kwa pamoja, kwa hiyo palsi ikiwa fupi inang'aa zaidi).

Palsi fupi ina rangi nyingi, ikipita kwenye glasi upande wa bluu unachelewa kuliko wa nyekundu, palsi inatanuka. Mtawanyiko huu unapimwa kwa fs²: glasi ya silika inaongeza karibu 36 fs² kwa kila milimita, glasi nzito ya SF10 karibu 159. Njia yako yote ikifika 10,000 fs² basi ile 100 fs inafika kwenye sampuli ikiwa karibu 295, na mwanga wa fotoni mbili unashuka hadi theluthi. Prizimu zinaipa nyekundu njia ndefu zaidi ili bluu ifikie.

1. Vaa miwani ya leza.

2. Polaraizesheni (upande ambao wimbi la mwanga linatikisika) iwe sambamba na meza.

3. Zungusha prizimu ya kwanza huku unaangalia doa mbali. Litaenda, litasimama, litarudi. Funga linaposimama.

4. Ya pili hivyohivyo, ncha ielekee upande wa pili. SF10 inatoa karibu −180 fs² kwa kila sentimita kati ya ncha na ncha, kwenda na kurudi. Kwa 10,000 hesabu inatoa karibu sm 56, ila anzia sm 70 kufidia glasi ya prizimu zenyewe.

5. HAPA SOMA POLEPOLE. Miale ipite karibu na ncha, sio katikati ya prizimu. Watu wanapitisha katikati kwa sababu ni rahisi, kumbe kila milimita ya glasi ya ziada, kwa mipito minne, inarudisha karibu 640 fs² za chanya, unajikuta unasogeza prizimu hadi mwisho wa meza na palsi bado nene. Ila usizidishe pia! Kwenye prizimu ya pili bluu ndo iko karibu na ncha, ukivuta prizimu nje sana unaikata bluu, spektra (wigo wa rangi) inakuwa nyembamba na palsi haiwezi kuwa fupi tena hata ufanyeje. Weka spektromita, vuta mpaka bluu ianze kupungua, halafu rudisha ndani kidogo. Prizimu isogee kwa mstari wa ncha-kitako, vinginevyo doa linahama.

6. Kioo cha mwisho kiinamishe kidogo, miale irudi chini ya ile ya kwanza uidake.

7. Chunguza doa lililorudi, kushoto na kulia spektra iwe moja. Ikitofautiana prizimu haziko sambamba, rudi hatua ya 3.

MASWALI

Mdau_K: Mkuu nipe tu umbali, nina haraka.
Jibu: Glasi gani? Nanomita ngapi? Hatua ya 4.

Chande: Nimefuata kila kitu, nusu ya nguvu imepotea.
Jibu: Kila kitu isipokuwa hatua ya 2.

Bi Zuhura: Samahani mwalimu, kwa nini tusitumie gretingi (bapa zenye mistari myembamba sana inayotenganisha rangi), si zinachukua nafasi ndogo?
Jibu: Swali zuri dada. Mtafiti Treacy alizieleza mwaka 1969, na kwenye leza zenye nguvu kubwa ndo zinatumika, ile kazi ya Strickland na Mourou ya 1985 ya kutanua palsi, kuikuza, kisha kuibana. Shida ni mbili. Zinakula nguvu, miale inazigonga mara nne. Halafu mtawanyiko wa daraja la tatu (masalia ya kuchelewa kwa rangi yanayobaki hata ukishafuta zile fs²): wa glasi ni chanya na wa gretingi pia chanya, vinajumlishana, wakati wa prizimu ni hasi. Kwa 100 fs hutaona, kwa 20 fs utaona mkia. Kwa palsi fupi hivyo tumia prizimu za silika, ila zinatoa karibu −22 fs² tu kwa sentimita.

Bi Zuhura: Asante. Na kama sina otokorileta (kifaa cha kupima urefu wa palsi)?
Jibu: Weka fluoresini (rangi inayong'aa) chini ya lenzi, nguvu usiiguse, sogeza prizimu ya pili mpaka mng'ao ufike kileleni.

Chande: Ni polaraizesheni kweli, nimezungusha nguvu imerudi. Kuongezea hapo, LED nyekundu ya AlGaAs (aina ya semikondakta) ukiitumia kama kipokezi inapima fotoni mbili kwenye 800 nm, mi natumia hiyo.
Jibu: Kweli kabisa, na bei yake ni ya soda. Fokasi iwe kwenye chipu, na plastiki ya juu isage iwe bapa.