Kabla hujazima kompyuta za ofisi kwenda likizo

Ukipita kwenye benchi langu hapa Mwanjelwa mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ikiwa imebana, au Januari watu wakirudi kutoka vijijini, utasikia kauli ileile: "Fundi, tuliizima ikiwa nzima kabisa." Sibishi. Ilikuwa nzima kwa sababu diski yake ilikuwa inazunguka.

Diski ngumu (hard disk), ile yenye sahani ndani inayotunza faili, kwa kawaida huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kinachoitesa zaidi ni kuanza. Mota huvuta umeme mwingi kuliko ikishashika mwendo, na mafuta ya beringi huwa mazito kwenye baridi. Seva, yaani kompyuta inayotunza faili za ofisi nzima, ikiwa imewaka miaka bila kupumzika inaweza kuwa imechoka na isijulikane. Ikilala imezimwa, asubuhi inakuwa kama Fuso ya mbao kule Mafinga: inaguna, haiwaki.

Kwa hiyo nakili kwanza, ndipo uzime. Madeni, stoo, faili za mauzo, vyote viende kwenye diski ya nje. Kisha fungua nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo hujaifungua mimi siihesabu. Ukae nayo nyumbani, maana mwizi akiingia ofisini habagui droo.

Pima afya ya diski kwa programu ya CrystalDiskInfo, ni ya bure. Ikionyesha njano, nunua diski mpya kabla ya safari. Bluu inatia moyo, lakini si dhamana.

Seva usiijaribie Ijumaa jioni. Chagua Jumanne, nakala ikiwa tayari: izime kwa menyu, si kwa swichi ya ukutani, iache ipoe kabisa, uiwashe. Kama ni ya kufa, ife maduka yakiwa wazi na fundi yupo. Siku ya kufunga ofisi, chomoa nyaya. Umeme ukikatika na kurudi, hurudi na vishindo.

Ukirejea, washa siku moja kabla ya kufungua. Kompyuta iliyosafirishwa kwenye baridi, tuseme kutoka Makete, iache saa kadhaa chumbani unyevu ukauke. Halafu sikiliza. Ukisikia tik-tik-tik, zima hapohapo. Usirudie kuwasha, usiigonge, na habari za kuiweka kwenye friza achana nazo. Kichwa cha kusomea kinaweza kukwaruza sahani, na hapo hata mtaalamu hana cha kuokoa. Ikizunguka kwa kusuasua, usisasishe Windows wala kufuta chochote. Nakili, ukianza na faili za pesa.