Bluetooth inakatakata ukiwasha Wi-Fi? Anza na laptopu yenyewe

Hapa Kisumu mtu akisikia spika ya Bluetooth inakatakata ama mausi inarukaruka, wa kwanza kulaumiwa ni kampuni ya intaneti, na mara nyingi shida iko hapo hapo ndani ya laptopu yake. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 na Bluetooth zote zinapitia kati ya megahezi 2400 na 2483.5, na kwa laptopu nyingi zimekaa kwa chipu moja, saa zingine hata antena ni ile ile, ni kama makanga wawili wanaita abiria kwa mlango mmoja pale Kondele.

Kwanza hakikisha. Cheza wimbo kwa Bluetooth huku unashusha video kubwa kwa Wi-Fi, halafu zima Wi-Fi wimbo ukiendelea. Ukinyooka papo hapo, umepata mchawi. Ukizidi kukatika, angalia chaji ya spika ama umbali.

Dawa ya kwanza, na inamaliza kesi nyingi sana, ni kuhamisha Wi-Fi iende gigahezi 5, huko Bluetooth haifiki kabisa. Ruta nyingi zinaonyesha majina mawili, chagua la 5G (hii si ile 5G ya simu). Ubaya wake ni kwamba ukuta wa mawe unaikata haraka, so sogeza ruta karibu.

Kama kifaa chako kinajua 2.4 peke yake, ingia setingi za ruta uweke upana wa chaneli (ile njia Wi-Fi inapitia) megahezi 20, usiache 40, kisha chagua chaneli 1, 6 ama 11. Sababu ni hii: Bluetooth ya kawaida ina chaneli 79 za megahezi moja moja na inaruka mara 1600 kwa sekunde, na tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003 inajua kukwepa zile Wi-Fi imekalia, lakini ukiipa Wi-Fi 40 umekula karibu nusu ya njia, sasa Bluetooth itakwepea wapi?

Wale wa bando za simu, hotspoti pia ukiweza iweke gigahezi 5, ama tumia waya wa USB kabisa, hapo simu inapumua na laptopu inachaji simu.

Sasa kuna kitu watu hawashuku, USB 3, ile tundu ya bluu. Intel walionyesha mwaka 2012 kwamba inatoa kelele kwenye eneo la gigahezi 2.4 hadi 2.5. Ukichomeka diski ya nje hapo na karibu yake kale kadude kadogo ka USB kanakopokea mausi isiyo na waya, mausi itagandaganda tu. Hamisha kadude upande wa pili, na bora zaidi ukaweke kwa waya mfupi wa kuongeza wa USB 2 kasogee mbali. Waya wa diski nao uwe mzuri, zile za bei ya chini sana mara nyingi hazina kinga ndani.

Ikiwa shida ilianza baada ya laptopu kufunguliwa, irudishe kwa fundi mkiwa wote mnaangalia. Zima, tenganisha betri, tafuta kadi ya Wi-Fi. Ina nyaya mbili nyembamba, kawaida nyeusi na nyeupe, zinaenda hadi kwa fremu ya skrini. Kila kichwa kikikaa sawa kinatoa "tik" ndogo, kikiwa kimelegea antena ni kama haipo. Hizo nyaya zipite njia yake ya zamani, zisilale juu ya diski wala zisibanwe na skrubu. Na zile bati ndogo zinazofunika chipu zirudi zote, ziko pale kuzuia kelele, si urembo. Usijaribu kuongeza foili ya jikoni, ikigusa sakiti unachoma bodi, ikifunika antena umezima mtandao mwenyewe.

Badilisha kitu kimoja halafu rudia ule wimbo kabla uguse kingine, hivyo utajua ni nini imesaidia.