Somo: Kudhibiti mwendo kasi kwenye njia ya pamoja ya kuingilia viwanjani

Kiangazi kikikolea hapa Dodoma, njia za ndani za Nzuguni, Nala na Ihumwa hukauka zikawa ngumu, na bodaboda na malori ya mchanga hupita mbio mlangoni kwa watu, watoto wakiwa wanacheza. Wenye viwanja mna haki ya kudhibiti mwendo huo, ila haki hiyo ina mpaka wake.

Hatua ya 1: Jueni njia ni ya nani. Msiruke hatua hii. Kama njia imo kwenye ramani ya mipango miji, ni barabara ya umma, hata kama inatumiwa na nyumba tatu tu na kifusi mlimwaga wenyewe. Hapo hamweki tuta wala geti bila kibali. Anzeni ofisi ya mtaa, ombi lifike Halmashauri ya Jiji au TARURA, yaani wakala wa barabara za vijijini na mijini. Ramani ulizieni Jiji, kwa kuwa CDA, mamlaka iliyokuwa ikipanga mji wa Dodoma, ilivunjwa mwaka 2017.

Kama kila mmoja alimega kipande cha kiwanja chake ili wote wapite, eneo ni lenu, lakini jirani ana haki ya kupita, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaitambua haki hiyo. Mnaweza kupanga apite vipi. Kumzuia asipite hamuwezi. Tuta ambalo gari dogo linalivuka taratibu ni kudhibiti. Tuta linalokwangua gari chini, au geti ambalo ufunguo anao mtu mmoja, ni kuzuia, na mkishitakiwa mtapata shida kujitetea.

Hatua ya 2: Pimeni mwendo. Chomekeni vigingi viwili, mita 50 kutoka kimoja hadi kingine, mshike saa ya simu. Gari likitumia sekunde 9 linakwenda kilomita 20 kwa saa. Likitumia sekunde 4 na nusu, ni 40. Andikeni siku na saa. Kikaoni, karatasi hiyo itawasaidia kuliko kusema "wanakimbia sana".

Hatua ya 3: Kikao na maandishi. Waiteni na wapangaji, maana mara nyingi wao ndio wenye pikipiki. Kubalianeni mwendo na michango, wote wasaini, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie.

Hatua ya 4: Kibao kwanza, tuta baadaye. Tuta zuri lina kimo cha sentimita 7.5 hadi 10, na kutoka linapoanza kupanda hadi linapoishia kushuka ni kama mita 3.7. Lipakeni rangi, na kibao kitangulie. Acheni nafasi pembeni, la sivyo mvua za Desemba maji yatahamia uani kwa jirani. Magogo, mawe na mitaro ya kuchimba usiku nawasihi muache kabisa. Mwenye bodaboda haoni gizani; akivunjika mguu, aliyeweka anaweza kudaiwa fidia, na mguu wa kijana wa watu haurudishwi na fidia.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Jirani mmoja amegoma kusaini, na ndiye anayekimbia kuliko wote. Tufanyeje?*

Marahaba, binti yangu. Mpelekeeni nakala ya makubaliano mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mgogoro wa njia ukibaki, nendeni Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Siku 30 zikipita bila suluhu, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

*Mwalimu, bodaboda wa nje tunaweza kuwatoza faini?*

Hapana, kaka. Makubaliano yenu yanawafunga waliosaini tu. Nendeni kijiweni kwao mkazungumze na kiongozi wao. Vijana hao wanasikilizana. Anayeendelea kuhatarisha watu, chukueni namba ya pikipiki mripoti polisi.

*Sisi tuko kijijini Chamwino, matrekta ya mashamba ya zabibu yanapita katikati yetu. Hatua ni hizihizi?*

Kupima na kuandikiana ni vilevile. Ila ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria Na. 5 ya 1999, kwa hiyo anzeni Halmashauri ya Kijiji, na mkikwama kuna Baraza la Ardhi la Kijiji la kuwasuluhisha. Tuta msijenge kabla ya kuongea na wenye matrekta: tela lililojaa zabibu likirushwa, mzigo unapondeka, na mtaanza ugomvi mwingine.