Anaongoza darasa, ila kusoma kunamtesa: namna ya kumtafutia kipimo cha disleksia

Mwanangu yuko kidato cha tatu hapa Chake Chake. Nilipoitaja disleksia, yaani uzito wa kusoma na tahajia usiotokana na upungufu wa akili, skuli walicheka: "Bi mkubwa, una mtoto kipanga, unatafuta nini tena?" Wao huona alama. Mimi huona taa inayowaka mpaka saa nane usiku kwa kurasa nne za historia, ambazo nikimsomea huzishika papo hapo.

Hatua ya 1: Kusanya ushahidi. Weka madaftari ya zamani. Mpe ukurasa asioujua, asome kwa sauti, hesabu dakika. Kwanza Kiswahili, kisha Kiingereza. Kiswahili huandikwa kama kitamkwavyo, basi mtoto mwerevu hujikokota akafika, na kinachoonekana ni kwamba husoma polepole tu. Kiingereza ndicho kinachomfichua. Wangu aliandika neno "through" kwa namna tatu katika ukurasa mmoja. Chuoni alihifadhi juzuu tano kwa sikio. Mfungulie msahafu asipopahifadhi, anakwama.

Hatua ya 2: Macho na masikio. Disleksia si maradhi ya macho, lakini mpimaji atauliza kama yamepimwa.

Hatua ya 3: Barua ya mwalimu. Asiandike jina la tatizo. Aandike anachokiona: hujibu vipi kwa mdomo, na karatasini humaliza maswali mangapi.

Hatua ya 4: Kipimo chenyewe. Tafuta mwanasaikolojia wa elimu, au mtaalamu aliyesomea vipimo hivi. Mimi nilivuka kwenda Unguja. Atapima fikra, kumbukumbu ya muda mfupi, kutenganisha sauti za neno, kasi ya kusoma na tahajia. Yapo pia maneno ya kubuni yasiyo na maana. Hapo kipanga hana la kukisia. Mweleze mpimaji kuwa Kiingereza si lugha ya nyumbani. Na ripoti ioneshe kila alama peke yake! Kwa mtoto wa aina hii, juu na chini zikichanganywa hutoka "wastani", nawe unarudi na boti mikono mitupu.

MASWALI

Mama, Wete: Kama anapata A, tatizo liko wapi?
Jawabu: Liko kwenye usingizi wake. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 ambaye mwalimu wake alisema angekuwa hodari kuliko wote skulini lau masomo yangekuwa ya mdomo tu.

Mwalimu, Mkoani: Na muda wa ziada kwenye mtihani wa taifa?
Jawabu: Pelekeni ombi kupitia skuli, mapema, kabla ya usajili. Letu limekwenda, tunangoja.

Baba, Makunduchi: Wangu hataki kupimwa, anaogopa wenziwe watamwita mjinga.
Jawabu: Wangu aligoma mwezi mzima. Aliyemgeuza ni babu yake, aliyekiri kuwa gazeti hulishika tu mbele ya watu, husomewa na bibi usiku. Jambo hili hukaa katika ukoo. Mwambieni na mpimaji.